Bunduki inataka jina na makao

Ndugu wachimbaji, sheria ya tarehe 3 septemba 1985 iko wazi: raia hashiki bunduki bila ruhusa ya serikali, hata kama ni ya kuwindia tu. Anayeomba ni nani, anaishi wapi? Lazima ijulikane. Hilo sisi tunalikubali. Kabambare tumezika watu wengi mno kwa bunduki zisizo na mwenyewe.

Lakini mchimbaji ataonyesha nini? Karte ya utambulisho ilizinduliwa Kinshasa mwaka 2023, sisi huku tungali tunatembea na karte ya kura. Imeandikwa Kasongo, na mwenyewe analala Salamabila. Karte ya mchimbaji nayo ni ya kazi, si ya makao.

Anayetujua ni shefu wa lokalite. Tunaomba barua ya makao itolewe kwake, karibu na karyeri, na bei ibandikwe mlangoni. Mwenye kufuata sheria akizungushwa, mwenye bunduki ya porini anacheka.

Nasi tusiazimane karte. Bunduki ya mwingine ikishikwa kwa jina lako, kesi ni yako. Na ndani ya karyeri isiingie hata yenye ruhusa.