Mafuta ya Karafuu na Maumivu ya Jino

Maumivu ya jino hayachagui mkulima wala karani. Yakimshika mtu usiku hapati usingizi, na kulipokucha kazi ya shamba au ya ofisi haiendi. Ndiyo sababu katika nyumba nyingi, hasa za pwani, huwekwa chupa ndogo ya mafuta ya karafuu. Dawa hiyo yafaa, lakini ina mpaka wake, na asiyeujua mpaka huo aweza kupoteza zaidi ya jino.

Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia. Ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan akahimiza upandwe kwa wingi. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, na baadaye Pemba ikaongoza kwa zao hilo. Ili kupata mafuta, mvuke hupitishwa katika makonyo, majani au karafuu zenyewe. Mvuke huo hubeba mafuta, kisha hupozwa, na mafuta yakajitenga na maji.

Nguvu ya mafuta hayo hutokana na kitu kiitwacho yujenoli, ambacho ndicho sehemu yake kubwa. Yujenoli hutia ganzi mishipa ya fahamu na kuua baadhi ya vijidudu. Hata madaktari wa meno huichanganya na unga wa oksaidi ya zinki, wakapata saruji ya kuziba jino kwa muda.

Mtu mzima atakaye kuyatumia kwanza na asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Kisha achanganye tone moja la mafuta ya karafuu na nusu kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, achovye pamba kidogo, na kuigusisha penye tundu la jino. Asiyatie mafuta matupu, kwa maana huunguza ufizi na ulimi, wala asiyameze.

Sasa mpaka wenyewe ni huu: mafuta hunyamazisha maumivu, lakini hayaponyi jino lililooza. Vijidudu vya kinywani hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi hiyo hula jino mpaka ndani. Mishipa ya fahamu ikifa, maumivu hukoma yenyewe, na mwenye jino hufurahi akidhani amepona, kumbe usaha unakusanyika mzizini. Shavu likivimba, homa ikipanda, au kumeza na kupumua kukiwa kwa shida, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa uvimbe ukishuka shingoni waweza kuziba njia ya pumzi.

Jambo la pili lawahusu watoto. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza walieleza habari za mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mafuta ya karafuu, kiasi cha mililita 5 hadi 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai. Alipatwa na kifafa, akazimia kabisa, na ini lake likadhurika. Aliokoka kwa matibabu ya hospitali. Basi chupa hiyo na iwekwe juu, mahali pa kufungwa, wala mtoto mdogo asipakwe mafuta hayo kinywani. Akiwa ameyanywa, asitapishwe. Apelekwe hospitali upesi pamoja na chupa yenyewe.

Mwenye busara hutumia mafuta ya karafuu ili apate kulala usiku mmoja, na asubuhi hushika njia kwenda kwa daktari wa meno. Tundu dogo huzibwa kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Likiachwa, jino zima hung'olewa. Wahenga walikwisha kusema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.