FUNDI NYUMBANI: Bomba la Rangi Hupimwa Kabla ya Kazi

Bahari iwalishayo watu wa pwani ndiyo hiyo hiyo ilayo vyuma vyao. Toka Kismayu hadi visiwa vya Wabajuni vya Koyama, Chovai na Chula, hewa ya chumvi haichagui: mlango, tangi la maji na bodi ya gari vyote hushikwa na kutu mara rangi ibandukapo. Wazee walizilinda mbao za vyombo vyao kwa sifa, yaani mafuta ya papa, na chini wakapaka shahamu na chokaa. Chuma nacho chahitaji rangi. Rangi ipulizwayo kwa bomba la hewa hukaa laini na sawasawa, mradi bomba lenyewe limerekebishwa.

Kwanza chuma kisuguliwe kwa msasa mpaka kutu itoke, kioshwe chumvi kwa maji ya kunywa, kisha kikauke kabisa. Maji yaliyokusanyika katika tangi la kompresa yamwagwe, kwani yakipita bombani huharibu rangi. Rangi nayo izimuliwe kwa kipimo kilichoandikwa koponi, kisha ichujwe.

Bomba la kawaida hurekebishwa mahali patatu: nguvu ya hewa, wingi wa rangi, na upana wa mpulizo. Askari hulinganisha shabaha ya bunduki yake uwanjani kabla hajakabiliana na adui. Fundi naye ajaribu bomba lake juu ya bati bovu. Alishike umbali wa sentimita 15 hadi 20, afyatue mara moja, kisha asome alama iliyobaki.

Alama njema ni ndefu, mfano wa yai lililovutwa, na rangi yake ni sawa pande zote. Matone yakiwa makubwa, hewa ni chache au rangi ni nzito. Rangi ikijazana katikati, ipunguzwe au hewa iongezwe. Ikigawanyika ncha mbili, hewa imezidi. Ikilemea upande mmoja, kofia ya mbele izungushwe nusu duara na jaribio lirudiwe. Kasoro ikigeuka pamoja na kofia, matundu ya kofia yameziba. Isipogeuka, uchafu umo katika mdomo wa rangi. Matundu hayo yazibuliwe kwa kijiti laini, kamwe si kwa waya, kwani tundu likipanuka halirekebishiki tena.

Kazi ianze asubuhi, umande ukiisha kukauka na upepo haujashika nguvu. Mkono uende sambamba na chuma bila kupinda kama pembea. Kifyatulio kivutwe kabla ya ukingo na kuachwa baada yake, na kila mstari ufunike nusu ya ule uliotangulia.

Lakini gharama ya rangi si kitu mbele ya uhai. Mvuke wa rangi hushika moto upesi. Basi sigara na jiko viwe mbali. Rangi zichanganywazo na dawa ya kugandisha mara nyingi huwa na sumu iletayo pumu, na kitambaa puani hakiizuii. Hizo ziachiwe fundi mwenye barakoa maalumu ya kuvutia hewa safi. Watoto nao wasikae upande uelekeako upepo.

Jioni bomba lioshwe papo hapo. Rangi ikikaukia ndani, kesho kazi itaanza kwa hasara.