Ukitaka Kambi Tulivu, Anzia Ofisi ya Kijiji

Kiangazi kikiingia vijana wa Dar es Salaam hupanda Kisarawe na mahema yao. Wengi huishia Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, na si ajabu: ni msitu wa asili ulio jirani kabisa na jiji, una vilima, mapango na bwawa la Minaki, na unasimamiwa na TFS kwa utaratibu unaoeleweka. Lakini wikiendi na sikukuu watu ni wengi, na muziki pia. Ndipo anayetaka utulivu huanza kuuliza: huko ndani, Mzenga, Kurui na Vikumburu, hakuna pa kulala bila kelele?

Papo. Ninachopinga ni namna wengi wanavyopatafuta. Mtu anafungua ramani kwenye simu, anaona rangi ya kijani isiyo na nyumba, anasema "hapa hakuna mtu", anaingia.

Huku kwetu hakuna pori lisilo na mwenyewe. Ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Msitu wa hifadhi nao una msimamizi wake na masharti yake. Na kile mgeni anachokiita pori mara nyingi ni shamba la mikorosho ambalo mwenyewe hajalipalilia bado.

Hapo ndipo penye hatari. Kuanzia Juni mikorosho inachanua, na majani makavu yametanda chini yake. Cheche moja ya moto wa kuchomea nyama inatosha. Mazao ya mwaka yanakwenda, na mti ukifa, mpya utachukua miaka kadhaa kuzaa. Mgeni atakunja hema arudi mjini, hasara atabaki nayo mkulima. Kipindi hichohicho wakulima wanapuliza salfa kuzuia ubwiriunga. Vumbi lake linawasha macho na kifua, kwa hiyo ukilala chini ya mkorosho uliopulizwa jioni, usilaumu hewa ya Kisarawe.

Wapo wanaosema basi tuwafukuze wageni. Sikubaliani nao. Wilaya yetu imeuza miti yake kwa magunia ya mkaa kwa miaka mingi, na kila gunia huuzwa mara moja tu. Kivuli cha mti huohuo ukiwa umesimama kinaweza kulipiwa kila mwezi. Sisemi mahema yatamaliza biashara ya mkaa, ila kaya ikipata hata kidogo kutokana na mti uliosimama, inakuwa na sababu ya kuulinda.

Wengine wanataka kijiji kitenge uwanja mmoja mkubwa wa kambi, ili choo na usafi visimamiwe pamoja. Hoja ya choo ni ya kweli. Lakini uwanja mmoja utajaa, na aliyekimbia kelele za Pugu atazikuta huku. Maoni yangu: vijiji viruhusu sehemu ndogo zilizotawanyika, mahema mawili au matatu kila moja, karibu na kaya yenye choo kizuri na maji. Kijiji kiandikishe kaya hizo, kipange ada kwenye mkutano, na kila malipo yawe na stakabadhi. Bila stakabadhi utaanza ugomvi kati ya mwenye shamba na serikali ya kijiji.

Kwa mgeni, fuata haya:

1. Fika kwa mtendaji wa kijiji mchana, ujitambulishe na kuandikwa. Usiku mgeni asiyejulikana huleta hofu.
2. Pikia jiko la gesi. Kama mwenyeji ameruhusu moto, uwe mahali palipofyekwa, na maji yawe tayari.
3. Piga hema sehemu ya juu iliyo wazi, mbali na mkondo wa maji hata kama umekauka. Beba neti na tochi, na kung'uta viatu asubuhi.
4. Usichote maji ya kisima bila kuuliza. Kiangazi ndoo moja ni safari ndefu ya mama wa watu.
5. Taka zote rudi nazo.
6. Usirushe lokesheni mtandaoni. Ukipatangaza, safari ijayo utakuta foleni ya magari.

Kwa mkulima: palilia njia ya moto kuzunguka shamba kabla ya kukaribisha mtu, na mwambie mgeni wazi siku utakayopuliza salfa.

Utulivu upo Kisarawe, lakini upo kwa sababu kuna watu wanaoutunza. Anayepita kwao kwanza ataonyeshwa sehemu ambazo ramani ya simu haizijui, na atalala bila kuamshwa na mgambo.