Ndiyo Yetu na Ndiyo ya Mashine

Majuma matatu yaliyopita alinijia ofisini mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, kipakatalishi kwapani na uso umemshuka. Kila alipokifungua kivinjari chake cha Chrome ili asome makala za maktaba, ulimtokea ukurasa asioujua. Kila alichokitafuta kilipelekwa kwenye mtambo wa utafutaji ambao hakuuchagua, na kandokando ya kila ukurasa, hata ule wa chuo chetu wenyewe, yalijaa matangazo ya kamari na ya dawa za kupunguza unene. Fundi mmoja mjini alikuwa amekwisha kutoa hukumu: diski yote ifutwe, Windows ipachikwe upya.

Tatizo ni kwamba ndani ya diski hiyo, na si kwingineko, mlikuwa na rekodi za wazee wasemao Kijomvu, alizozikusanya kwa muda wa miaka miwili. Baadhi ya wazee hao wamekwisha kututangulia mbele ya haki.

“Mwalimu, ikifutwa, sina tasnifu,” aliniambia.

Nilimkemea kwanza kwa kutoweka nakala, kisha tukaketi. Kazi ya awali ilikuwa kuzihamisha rekodi zote kwenye diski ya nje. Yeyote anayetaka kuisafisha tarakilishi na aanzie hapo, hata kama fundi anamharakisha.

Kilichomsibu hakikuwa kirusi kwa maana kamili ya neno hilo. Zilikuwa programu za matangazo, ambazo mimi hupenda kuziita programu dukizi. Wapo wayaitao madirisha yake “ibukizi”, na jina hilo halinikai vyema, kwa maana kuibuka ni tendo lisilo na lawama. Hata mpiga mbizi huibuka. Mdukizi, kwa upande mwingine, ni mtu ategaye sikio kwenye mazungumzo asiyoalikwa, na hivyo ndivyo zifanyavyo programu hizi: huchungulia tunachokisoma, zikatuletea matangazo ya kulipiwa.

Nilipomuuliza aliziruhusu lini, aliapa kwamba hakuruhusu kitu. Kumbe siku moja usiku alihitaji programu ya bure ya kuigeuza faili ya PDF iweze kuhaririwa, akachukua ile iliyotangulia katika matokeo ya utafutaji, ambayo ilikuwa tangazo, kisha akabonyeza “endelea” mara nne au tano. Katika mojawapo ya madirisha hayo palikuwa na kisanduku kidogo kilichokwisha kutiwa alama ya kukubali. Kwa hakika hakukubali kitu. Alikubaliwa na mwingine kwa niaba yake.

Msomaji asije akadhani kwamba mambo haya huwapata wazembe peke yao. Kati ya mwaka 2014 na mwanzoni mwa 2015 kampuni ya Lenovo iliuza tarakilishi zilizokuwa tayari zimetiwa programu ya matangazo iitwayo Superfish, ambayo ilijipenyeza hata katika mawasiliano yaliyofichwa kwa usalama, kama yale ya benki. Mnunuzi hakupakua chochote. Serikali ya Marekani ilitoa onyo mwezi wa Februari 2015, na mwaka 2017 kampuni hiyo ikaafikiana na tume ya biashara ya nchi hiyo.

Tuliifungua orodha ya programu zilizomo katika Windows, tukaipanga kwa tarehe ya kupachikwa. Programu tatu ngeni ziliingia siku ile ile ya ile PDF. Mbili ziliondoka bila inda. Ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu hii, kwani mwanafunzi wangu alikuwa amekwisha kujaribu kuiondoa mara mbili nyumbani kwake, nayo ikabaki.

Ulipobonyeza pa kuondoa, ilikuuliza kwa Kiingereza swali ambalo maana yake ni hii: Je, hutaki kuendelea kulindwa? Chini yake vitufe viwili, “Ndiyo” na “La”. Mwanafunzi alibonyeza “Ndiyo”.

Sasa, mtoto wa Mswahili akiulizwa, “Hujala?”, naye kweli hajala, hujibu, “Ndiyo, sijala.” Jibu letu hupatana na kauli ya muulizaji: umesema sijala, nami nakubali kwamba ndivyo. Mwingereza aliyelala njaa hujibu swali hilo hilo kwa “La”, kwa kuwa jibu lake hupatana na kitenzi chake mwenyewe. Hapana lugha iliyokosea hapa. Ni mantiki mbili, kila moja timamu kwao. Mwanafunzi wangu alimaanisha “Ndiyo, sitaki”. Mashine ikasikia “Ndiyo, nataka”. Binti huyu ana shahada ya isimu na anakisoma Kiingereza vizuri sana. Lakini usiku wa manane, kichwa kikiwa kimechoka, mtu huitikia kwa lugha aliyolelewa nayo.

Sidai kwamba aliyeutunga ujumbe ule aliwakusudia Waswahili. Hata hivyo alikusudia kutatiza, maana kitufe cha kubaki kilikuwa kikubwa cha kijani, na kile cha kuondoka kilififizwa kikawa rangi ya majivu.

Tulibonyeza “La”, ikaondoka. Yaliyosalia yalikuwa ndani ya kivinjari chenyewe. Tulizima upatanishi wa akaunti yake, kwa sababu kiendelezi kibaya huweza kurudi kutoka tarakilishi nyingine iliyounganishwa na akaunti hiyo hiyo. Tukaviondoa viendelezi viwili asivyovitambua, tukaingia katika mipangilio tukafuta ruhusa za arifa alizozipa tovuti za ovyo, kisha tukaurejesha mtambo wake wa utafutaji na ukurasa wa kwanza. Tuliikagua pia ikoni ya Chrome, kwa maana mara nyingine anwani ya mdukizi hubandikwa mwishoni mwa amri ya ikoni, ukastaajabu kwa nini yeye harudi nyuma. Mwisho tukatumia AdwCleaner, programu ya bure ya kampuni ya Malwarebytes, tukiichukua katika tovuti ya kampuni yenyewe. Chrome ya Windows ilikuwa na kisafishaji chake, lakini kiliondolewa mwaka 2023. Endapo hayo yote yangeshindwa, tungerejesha mipangilio ya asili ya kivinjari, jambo lisilofuta alamisho wala nywila. Kazi yote ilituchukua saa moja na nusu, na diski haikufutwa.

Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, mahsusi, na ya mtu aliyearifiwa. Aliyearifiwa kwa lugha gani? Katiba ya mwaka 2010 inavitaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, ilhali sijaona ridhaa hizi zikiombwa kwa Kiswahili ila kwa nadra. Nao mtaala wa umilisi unauhesabu ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Walimu wenzangu, aghalabu tunauacha mikononi mwa mwalimu wa tarakilishi, anayefundisha mahali pa kubonyeza. Swali lenyewe linauliza nini, hilo ni somo la ufahamu, nalo ni letu sisi wa lugha.

Rekodi za Kijomvu zimo katika diski mbili sasa, moja ikiwa katika kabati langu. Ujumbe wa ile programu ya tatu niliupiga picha kabla hatujaiondoa. Muhula ujao utakuwa swali la kwanza katika jaribio la semantiki la mwaka wa kwanza, vitufe vyake vikiwa vilevile, kijani na majivu.