Shetani Hana Kabila



Mtoto analia usiku. Mama amechoka, anamwambia: «Nyamaza, zimwi litakuja kukula.» Mtoto ananyamaza. Kesho yake, katika mafundisho ya dini, sisi wakatekista tunamwonyesha picha ya shetani mwenye pembe, mweusi kama mkaa, na malaika mweupe kama pamba. Jioni anatazama filamu ya walozi kwa jirani. Nani anamwambia mtoto huyo kwamba zimwi ni hadithi, na kwamba shetani hana ngozi? Mara nyingi hakuna. Basi anakua na hofu, na hofu hiyo inatafuta mtu wa kumwangukia.

Wengine watatuambia: «Hayo ni mambo ya watoto, wakikua watayasahau.» Tunakataa. Plinio wa Roma, mwanachuoni wa karne ya 1, hakuwa mtoto. Naye aliandika kwamba huku Afrika kuna watu wasio na kichwa, wenye macho na kinywa kifuani. Watu wa Ulaya wakayasoma hayo muda wa karne nyingi. Nasi hatukukosa hadithi za namna ile. Katika siku za ukoloni, huko Katanga, watu walisimulia habari za batumbula, waliokamata watu usiku ili Wazungu wapate kuwala. Ukoloni ulikuwa na ukali wake, na hofu ile haikutoka bure. Lakini angalieni: kule Mwafrika ni zimwi, huku Mzungu ni zimwi. Kila mtu anaweka zimwi ng'ambo ya mto.

Eklezya ilijibu zamani. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, naye Mwafrika, alizipima hadithi hizo katika kitabu chake «Mji wa Mungu». Akafundisha hivi: labda viumbe hao hawako, ao labda si watu, lakini kama ni watu, hata wakiwa na umbo gani, rangi gani ao sauti gani, wametoka kwa Adamu kama sisi. Na Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ulifundisha kwamba hata mashetani waliumbwa wema na Mungu, wakawa wabaya kwa kosa lao wenyewe. Shetani ni roho: hana ngozi, hana kabila. Mkatekista anayempa rangi ya watu fulani anafundisha uwongo, hata akishika msalaba mkononi.

Na pigo la uwongo huo linaanguka wapi? Linaanguka nyumbani mwetu. Tangu miaka ya 1990, huko Kinshasa na katika miji mingine ya Kongo, watoto wengi wameitwa walozi, wakapigwa, wakanyimwa chakula ili «watolewe pepo», wakafukuzwa mpaka barabarani. Ni watoto gani? Yatima, kilema, mwenye kifafa, anayekojoa kitandani, ao mkaidi tu. Mtu wa nyumba anakufa, ao kazi inapotea; jina la zimwi limekwisha kuwa tayari, kunabaki kumvika aliye dhaifu. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inamwadhibu anayemsingizia mtoto ulozi kwa kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 3. Ni aibu kwetu, wenye Injili, kungoja kufundishwa na polisi. Wala tusiwasukumie wachungaji wa vikundi vya maombi kosa lote. Kati ya wazazi wanaowapelekea watoto hao, wengine wametoka katika Misa yetu.

Je, tuzitupe hadithi za mababu? Hapana. Hadithi ya zimwi ikisimuliwa vema inafundisha akili na ushujaa. Mwaka 1818 Mwingereza Mary Shelley alitoa kitabu kiitwacho «Frankenstein». Ndani yake kiumbe mwenye sura ya kutisha anatafuta urafiki. Watu wanampiga, wanamfukuza, mpaka anakuwa mwuaji. Msomaji anajiuliza: ni nani aliyemfanya zimwi? Swali hilo ndilo tunalolitaka midomoni mwa watoto wetu.

Basi, mzazi anayesimulia zimwi jioni, amalize kwa kusema kwamba ni hadithi. Mkatekista aondoe ukutani picha zinazompa shetani rangi ya watu, na afundishe habari ya Msamaria mwema kabla ya kufundisha moto wa jehanamu. Na parokia ikimwona mtoto aliyefukuzwa, impokee kwanza, iulize baadaye.

Wahenga walisema: Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sisi tunaongeza: jirani yako ukimjua, utaona hakuwa zimwi. Siku ya mwisho kuna watakaojisifu mbele ya Bwana Yezu kwamba walifukuza pepo kwa jina lake, naye atasema hakuwajua kamwe. Lakini yule aliyempokea mgeni, atamwambia: ulinipokea mimi.