Congo: Je, haki za mwanamke na mafundisho ya dini vinaweza kukaa nyumba moja?

Kila mwaka, mwezi wa tatu unapofika, miji ya mashariki mwa Congo hujaa vitenge vya Machi 8. Na Jumapili inayofuata, wahubiri wengi hurudia onyo lile lile: parite ibaki kazini, isivuke mlango wa nyumba. Waumini hucheka, na wengi wa wanaocheka ni wamama. Lakini nyuma ya kicheko kile kuna maswali mazito: nani ana haki ya kuuza shamba, nani anarithi nyumba, na msichana aliyebakwa apelekwe kwenye tribinali ao kwa pasta.

Swali kama ufeministi, yaani mapambano ya kudai usawa wa mwanamke na mwanaume, unaweza kuishi pamoja na dini zinazomweka mwanaume juu, si swali la vitabuni tu hapa kwetu. Liko ndani ya sheria ya nchi.

Sheria ya Familia ya mwaka wa 1987 ilimlazimisha mwanamke aliyeolewa kupata ruhusa ya bwana wake kabla ya kuingia mkataba ao kwenda tribinali. Mwaka wa 2016, tarehe 15 Julai, sheria hiyo ilirekebishwa. Ruhusa ya bwana ikaondolewa, mahali pake pakawekwa mapatano ya wote wawili. Umri wa kuolewa kwa msichana ukapandishwa toka miaka 15 hadi 18, sawa na mvulana. Hata hivyo, kifungu cha 444 kilibaki, na hicho ndicho kinasema bwana ni mkuu wa nyumba.

Ni vigumu kusoma kifungu hicho bila kusikia mwangwi wa barua ya Paulo kwa Waefeso, sura ya 5, inayosomwa karibu kwenye kila arusi. Katiba, katika kifungu cha 14, inaagiza parite. Sheria ya Familia inaweka mkuu mmoja. Na mwanamke anayeishi Uvira ao Butembo anajua vizuri ni ipi kati ya hizo mbili inayofika hadi jikoni kwake.

Mwanaharakati na mwana wa pasta

Walakini, kusema kwamba dini ni adui wa mwanamke hakulingani na yale ambayo watu wa Kivu wameyaona kwa macho yao. Hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa Bukavu mwaka wa 1999, ni ya jumuiya ya Kipentekoste, CEPAC. Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2018 kwa kutibu wanawake waliobakwa na kupaza sauti kwa ajili yao, ni mwana wa pasta, na yeye mwenyewe huhubiri.

Mwaka wa 2011, Cité de la Joie ilifunguliwa mjini Bukavu. Mukwege alishirikiana humo na Christine Schuler Deschryver, mtetezi wa haki za wanawake wa Bukavu, pamoja na mwandishi Mmarekani Eve Ensler, ambaye sasa anajiita V. Huyu V alijulikana duniani kwa mchezo wa kuigiza unaotaja wazi sehemu za siri za mwanamke, mchezo ambao makanisa mengi yasingekubali hata jina lake litamkwe mimbarini. Mpentekoste na mwanaharakati huyo hawakungoja kwanza wakubaliane juu ya mafundisho. Waliunganishwa na wagonjwa.

Hapo kuna sehemu ya jibu. Kwa miaka mingi serikali imekuwa mbali, na makanisa ndiyo yanaendesha sehemu kubwa ya shule na hospitali. Mama mwenye shida anapiga hodi kwenye parokia kabla ya kufikiria ofisi yoyote. Mtetezi wa haki za wanawake anayeamua kupambana na kanisa toka nje atabaki kuzungumza katika semina za hoteli tu.

Nani anasoma, nani anaamua

Wako wanaosema kwamba madai haya ni ya Wazungu. Historia ya nchi hii inawapinga. Kimpa Vita, msichana wa ufalme wa Kongo aliyehubiri kwamba Kristo ni wa Wakongo pia, alichomwa moto mwaka wa 1706. Simon Kimbangu alipofungwa mwaka wa 1921, bibi yake Marie Muilu ndiye aliyelinda imani kwa siri kwa miaka mingi. Alikufa mwaka wa 1959, miezi michache kabla Wabelgiji hawajaitambua kanisa. Kiti cha uongozi kikachukuliwa na mtoto wao wa kiume, Joseph Diangienda. Mwanamke alibeba mzigo wakati wa hatari. Amani ilipokaribia, cheo kikaenda kwa mwanaume. Hadithi hiyo inajirudia katika makanisa mengi leo, ambako wamama wanajaza viti, wanaimba, wanachangisha pesa, kisha wanangoja nje wakati wazee wanafanya kikao.

Hata hivyo mambo yanasogea. Ndani ya Kanisa la Kristo katika Congo, ECC, kuna jumuiya zinazobariki wanawake kuwa wapasta na nyingine zinazokataa kabisa, na zote zinasoma Biblia moja. Kwa Wakatoliki upadri umebaki wa wanaume, lakini mtawa Mkongomani Josée Ngalula aliteuliwa mwaka wa 2021 katika Tume ya Kimataifa ya Teolojia, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuingia humo.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi Kasongo na Kindu, mgongano uko wazi zaidi katika urithi. Kanuni ya dini inampa binti nusu ya fungu la kaka yake. Sheria ya nchi haitofautishi watoto. Dada akikubali fungu lake, familia inabaki na amani. Akienda tribinali, anaweza kushinda shamba na kupoteza ndugu. Si ajabu wengi wananyamaza.

Mahali ambapo kuvumiliana hakuna nafasi ni kwenye ubakaji. Sheria ya Julai 2006 inasema wazi kwamba kulipa faini hakuzimi kesi. Lakini mapatano ya kifamilia yanaendelea, mara nyingine mbele ya kiongozi wa dini: mbuzi kadhaa, maombi, na msichana anaombwa asamehe. Hapa dini haitofautiani na sheria kwa maoni tu. Inasaidia kosa lifichwe. Na ni ajabu kwamba mapokeo yale yale yaliyozaa Panzi yanaweza kuzaa pia kikao cha namna hiyo.

Swali hili sasa limefika hadi kwenye meza ya amani. Tangu mwanzo wa mwaka wa 2025, maaskofu wa CENCO na viongozi wa ECC wamezunguka huku na huku wakitafuta mapatano ya kijamii kwa ajili ya nchi, wakati Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa M23. Azimio 1325 la Umoja wa Mataifa, la mwaka wa 2000, linataka wanawake wawe ndani ya mazungumzo ya amani. Lakini CENCO, kwa muundo wake, ni mkutano wa wanaume peke yao. Kama makanisa ndiyo yanaitisha wengine mezani, wamama wa Kivu, ambao wamezika na kulisha watu katika vita hivi vyote, wataingia kwa mlango gani? Hakuna fundisho la imani linalowakataza maaskofu na wapasta kuwapa viti katika ujumbe wao, na kwa hilo hawahitaji ruhusa ya Roma wala kura ya bunge.