Kabla ya Pistoni Nne, Nionyeshe Hendibreki

Rongai tunapenda magari kupindukia. Matatu zetu za nganya zinajulikana Nairobi nzima kwa rangi, taa na muziki, na vijana wetu wa Subaru watakueleza nguvu za injini zao hata usipowauliza. Lakini fungua buti ya gari hilohilo, au chungulia chini ya kiti cha makanga, utakuta jiwe. Hilo jiwe ndilo hendibreki.

Mimi ni fundi wa breki, kibanda changu kiko Kware, na msimamo wangu ni mmoja: gari lisiloweza kusimama mlimani bila jiwe lisiongezewe breki za fahari.

Mishahara ikiingia, vijana huniletea kalipa za pistoni nne walizonunua kwenye soko la vipuri la Grogan. "Fundi, nifungie hizi, nataka gari lishike." Sina ugomvi nazo. Ila breki hushika gurudumu, na tairi ndilo linaloshika barabara. Tairi likiwa kipara, hata pistoni sita hazitakuokoa. Faida ya diski kubwa ni kuhimili joto, na joto tunalo: ukipita Kiserian na kuanza kushuka Corner Baridi kuelekea Olepolos, mbele yako kuna mteremko wa zaidi ya mita 1,000 hadi Ziwa Magadi. Mguu ukikaa kwenye breki njia yote, mafuta ya breki huchemka na pedali huzama. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huvumilia angalau nyuzi 205; yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye 140. Kwa hivyo, kijana wangu, anza kwa kubadilisha mafuta kila miaka miwili, na mteremkoni tumia gia ndogo. Kalipa zitafuata.

Balaa huanza mtu anapotaka kung'oa dramu za nyuma aweke diski. Dramu ile ndiyo inayobeba hendibreki. Ukileta diski za mtumba bila kebo zake na viungo vyake, umenunua urembo na kuuza usalama. Nimeinua magari hapa nikakuta kebo imefungwa kwa waya kando ya ekseli, haivuti chochote, na mwenyewe hana habari.

Ukiniuliza mimi, chagua diski yenye dramu ndogo ndani yake, kama zilivyo Subaru nyingi. Dramu hiyo haina kazi nyingine ila kushikilia gari lililoegeshwa, kwa hivyo laini zake hudumu. Kalipa yenye kebo yake pia ni nzuri, mradi fundi ajue kwamba pistoni nyingi za aina hiyo hurudishwa kwa kuzungushwa. Akiibana kwa jeki, ameiua. Hendibreki ya kitufe cha umeme inafaa, ila betri ikifa huenda gari likakataa kuachia. Ile ya haidroli ya vijana wa mashindano usiitegemee kuegeshea: presha hupungua polepole, na gari uliloliacha jioni mlimani huenda asubuhi ukalikuta kwenye ukuta wa jirani.

Nanyi wenye gari za otomatiki, herufi P si hendibreki. Ni kijino cha chuma ndani ya giaboksi, nacho huchakaa kikibebeshwa gari zima kila siku. Kanyaga breki, weka N, vuta hendibreki, achia pedali gari litulie, kisha ndipo uweke P.

Sasa niwageukie wenye matatu. Foleni ikikwama kwenye mteremko wa daraja la Mbagathi, makanga huruka na jiwe mkononi, analisukuma nyuma ya tairi, foleni ikisonga anadandia mlango. Jiwe linabaki katikati ya lami. Usiku bodaboda analipata yeye.

Sheria za matatu za waziri Michuki za 2004 zilituletea mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na zilifaa. NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, nayo hukagua magari ya abiria kila mwaka. Lakini mwaka una siku nyingi, na kebo hulegea kimyakimya. Ukaguzi wa hendibreki ufanywe na sacco zenyewe, kila alfajiri, kabla gari halijaingia stejini: lipande mlimani likiwa tupu, gia iwe N, hendibreki ivutwe, dereva aondoe mguu, msimamizi ahesabu hadi 60. Likirudi nyuma hata hatua moja, lije gereji, abiria wapande lingine.

Mwenye gari atalalamika kwamba hana pesa. Kebo haifikii bei ya spika moja ya nganya. Aliyepata pesa ya spika, na ya kebo anayo.